Nani alipie vipimo vya dawa kwa bondia anayefungua pazia?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni kocha wa ngumi hapa Tanga, nina mabondia tisa wa kulipwa. Mwaka jana kijana wangu mmoja alipigwa vibaya na mpinzani ambaye kambi nzima ilinong'ona kwamba anatumia dawa. Hakuna aliyepimwa. Nasikia Marekani mabondia wakubwa hupimwa damu na mkojo wiki nane kabla ya pambano. Huku tunaambiwa pesa hakuna. Je, ipo njia ya haki ya kulipia vipimo ili mabondia wote wapimwe, wakiwemo wale wa mapambano ya utangulizi? Na nani alipe?"

Marahaba, Kocha.

Kwanza, pole kwa kijana wako. Kuhusu aliyempiga sitasema neno, kwa sababu mnong'ono wa kambini si kipimo. Nimekaa pembeni ya ulingo kama daktari miaka mingi, na nimewahi kuona bondia akichafuliwa jina kwa sababu tu alikuja na kifua kilichojengeka, kumbe alishinda miezi akibeba mifuko ya saruji. Huyo naye alihitaji kipimo kuliko mtu yeyote pale ukumbini, maana karatasi ya maabara ndiyo ingewanyamazisha waliomsema.

Swali lako lina maswali mawili ndani yake. Moja ni pesa zitoke wapi. La pili ni pesa hizo zipite mikononi mwa nani kabla hazijafika maabara, na hili kwangu ndilo zito zaidi. Ngumi za kulipwa zimejikwaa kwenye la pili hata kule ambako pesa zimejaa.

Turudi kwanza Marekani unakokutaja. Si kweli kwamba mabondia wote wa kule hupimwa wiki nane. Sheria yao ya shirikisho yenye jina la Muhammad Ali, ya mwaka 2000, inahusu mikataba na uwazi wa mapromota. Haikuanzisha mpango wa nchi nzima wa kupima dawa. Kila jimbo lina kamisheni yake na mfuko wake, na kwa mapambano mengi ya kawaida kipimo, kikiwepo, ni mkojo wa siku ya pambano. Wewe ni kocha, unajua kazi inafanyika lini. Anayetumia homoni ya ukuaji au EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, huzitumia wiki za mazoezi makali, misuli inapona haraka, pumzi inapanda, kisha anaacha. Siku ya pambano mkojo wake unaweza kuwa safi kabisa huku faida yote ikiwa imeshakaa mwilini. Kumpima siku hiyo peke yake ni kumvizia mwizi mlangoni baada ya mali kushavushwa mpaka.

Vipimo vile vya wiki nane mara nyingi hufanywa na VADA, chama cha hiari kilichoanzishwa mwaka 2011 na Margaret Goodman, daktari wa mishipa ya fahamu aliyewahi kuhudumu ulingoni Nevada. Hilo neno "hiari" ndilo la kuliangalia. Mabondia wawili wanakubaliana, au promota anakubali, mtu analipa, watu wanapimwa. Asiyelipiwa hapimwi. Mwaka 2016 WBC, mmoja wa wenye mikanda mikubwa ya dunia, iliingia ubia na VADA na kutaka mabondia 15 wa juu kwenye orodha yake ya kila uzito wajiunge, hivyo mtu kama Ilunga Makabu wa Kongo, aliyetwaa mkanda wa WBC mjini Kinshasa Januari 2020, alikuwa katika kundi hilo. Ni hatua kubwa na ninaiheshimu. Lakini kijana wako ambaye hayumo kwenye orodha ya 15 bora ya mtu yeyote hana mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo upimaji umekuwa sehemu ya masharti ya mapambano makubwa, kama ukubwa wa ulingo na aina ya glovu. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walishindwa kuafikiana juu ya vipimo vya damu kwenye mazungumzo ya 2009 na 2010, na wakakutana ulingoni Mei 2015 tu. Pambano lililoingiza mamilioni ya dola lingeweza kumudu vipimo vya mwaka mzima kwa mabondia wa nchi kadhaa. Likawapima wawili.

Sasa tuzungumze bei, kwa sababu hapa watu wengi hudhani "kipimo" ni kitu kimoja. Mkojo wa kawaida kwenye maabara iliyoidhinishwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, hugharimu mamia ya dola kwa sampuli, kabla hujahesabu nauli ya mchukua sampuli, vifaa na usafirishaji. Halafu kuna vipimo vya ziada: EPO kwa kipimo chake, homoni ya ukuaji kwa damu, na kipimo cha kutambua testosteroni ya kutengenezwa kwa kuangalia kaboni yake. Hiki cha mwisho ni kizuri mno. Testosteroni ya dukani hutokana na mimea kama soya, na kaboni ya mmea ina alama tofauti kidogo na ile inayotengenezwa na mwili wa mtu.

Kisa cha bondia Lamont Peterson wa Marekani kinaonyesha tofauti ya bei inavyogeuka tofauti ya haki. Desemba 2011 alimshinda Amir Khan mjini Washington, na marudiano yakapangwa Mei 2012. Sampuli ya VADA iliyochukuliwa Machi ilionyesha uwiano wa testosteroni na homoni ndugu yake, epitestosteroni, usiofika kikomo cha 4 kwa 1 ambacho maabara hutumia kutilia shaka. Kwa kipimo cha bei nafuu angepita bila swali. Kipimo cha kaboni ndicho kilichoonyesha homoni isiyotoka mwilini mwake, na pambano likafutwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "tutapima wote" ukumbi mzima, muulize watapima nini. Inawezekana kabisa kumpima kila mtu kipimo hafifu, ukapata picha nzuri ya gazeti na usimkamate yeyote anayejua anachofanya.

Nije kwenye suala la mikono ambayo pesa inapitia. Oktoba 2012 Erik Morales alipangwa kupigana na Danny Garcia katika usiku wa kwanza wa ngumi kwenye ukumbi wa Barclays Center, Brooklyn. Siku chache kabla, habari zikatoka kwamba sampuli zake zilikutwa na klenbuteroli, dawa inayopunguza mafuta na kuhifadhi misuli. Tiketi zilishauzwa, televisheni ilishajipanga. Pambano likafanyika, Morales akaangushwa raundi ya nne, na adhabu ya miaka miwili ikaja baadaye. Hapo vipimo vililipwa, maabara ilifanya kazi yake, dawa ikaonekana, na bado mtu akapanda ulingoni. Kilichokosekana ni utaratibu unaosimamisha pambano wenyewe, bila kusubiri kikao cha watu watakaopata hasara likisimama.

Mfano mwingine ni wa jirani zetu wa mapigano mchanganyiko. UFC, kampuni kubwa ya mchezo huo, iliajiri wakala wa Marekani wa kupambana na dawa, USADA, mwaka 2015, ikalipa gharama zote na wapiganaji wote wakapimwa mwaka mzima, wa pambano kuu na wa pambano la kwanza. Kwa kuwafikia wote, mpango ule uliizidi ngumi kwa mbali. Iliwezekana kwa sababu kampuni moja inamiliki kila kitu. Lakini mwishoni mwa 2023 pande hizo mbili ziligombana na mkataba ukaisha, kampuni ikatafuta watu wengine. Mlipaji mmoja anaweza kumfikia kila mtu, na mlipaji huyohuyo anaweza kumwondoa mpimaji. Ngumi hazina hata huyo mlipaji mmoja. Zina mapromota mamia, mikanda minne mikubwa na midogo isiyohesabika.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda zaidi uko hapa kwetu, kwenye riadha, na watu wa ngumi hawauangalii. Mbio za barabarani zinafanana na ngumi kuliko unavyofikiri: waandaaji wengi, mawakala wengi, wanariadha wanaotoka familia za kawaida na kukimbilia zawadi nje. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha, AIU, kiliunda mpango wa kuwapima wakimbiaji wa barabarani unaochangiwa na sekta yenyewe: waandaaji wa mbio, mawakala, kampuni za viatu na wanariadha. Pesa inaingia kwenye kapu moja, na kitengo, si mwandaaji wa mbio fulani, ndicho kinachoamua nani apimwe, wapi na lini. Wakimbiaji wa Iten na Eldoret wamegongewa milango alfajiri kwa utaratibu huu. Ukubwa wa jina haukingi: Ruth Chepngetich, aliyekimbia marathoni ya Chicago 2024 kwa saa 2:09:56 na kuvunja rekodi ya dunia ya wanawake, alitoa sampuli Machi 2025 na mwaka huohuo akafungiwa miaka 3 kwa haidroklorothiazidi, ambayo ni dawa ya kukojoza. Ikumbuke dawa hiyo, nitairudia.

Kenya ilifika hapo kwa maumivu. Mwaka 2016 WADA iliitangaza kuwa haijatimiza masharti, sheria ikapitishwa na wakala wa taifa, ADAK, ukapewa nguvu ya kisheria. Mwaka 2022, wakati riadha yao ilikuwa ukingoni mwa kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano. Hiyo ni pesa ya hazina, ilipatikana kwa sababu riadha ni fahari ya taifa. Sidhani ngumi za kulipwa zitapata ahadi ya namna hiyo Dar es Salaam au Kampala, na kusema kweli sidhani zinastahili kuipewa peke yake. Mchezo unaouza tiketi, unaouza matangazo na unaobeba nembo za wadhamini kifuani unapaswa kulipia usalama wake kwanza, serikali ikaongeza.

Hivyo jibu langu ni hili: kikatwe kiasi kidogo, kwa asilimia, kwenye kila shilingi inayoingia katika ngumi, kiingie mfuko mmoja ambao promota hawezi kuugusa, na mfuko huo umlipe mpimaji anayechagua mwenyewe wa kumpima.

Kwa nini asilimia? Ukitoza ada sawa kwa kila pambano, promota mdogo wa Muheza au Kahama anazimika, na yule mkubwa wa Masaki haoni kitu. Asilimia inamfanya bondia wa pambano kuu amlipie kijana aliyefungua pazia, na hiyo ndiyo haki unayoiulizia. Tena kukatwa si jambo geni kwetu. Anayepigania mkanda wa dunia tayari hukatwa, kwa kawaida asilimia 3 ya malipo yake, kuwalipa wenye mkanda. Kama tunaweza kukatwa kwa ajili ya ngozi na chuma cha kiunoni, tunaweza kukatwa kwa ajili ya ubongo wa mtu.

Tufanye hesabu ya mfano, namba ni zangu za kufikirika ili uone ukubwa wa jambo. Tuseme usiku mmoja wa ngumi una mapambano 10, mabondia 20. Kila sampuli, pamoja na usafiri, tuiweke dola 400. Kuwapima wote 20 mara moja ni dola 8,000, kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi milioni 20. Kuna usiku mwingi huko mikoani ambapo malipo ya mabondia wote kwa pamoja hayafiki hapo. Aliyekwambia pesa hakuna hakukudanganya, kama maana ya kupima wote ni kumpima kila mtu kila mara.

Sasa geuza. Tuseme usiku huohuo umeingiza shilingi milioni 150 kwa viingilio, haki za matangazo na wadhamini. Asilimia 3 ni milioni 4.5, yaani dola 1,800, ambazo ni sampuli nne na chenji inabaki. Matamasha 30 ya ukubwa huo kwa mwaka yanakupa sampuli 120. Ningechukua 40 tu kwa siku za mapambano, na 80 zilizobaki ningezipeleka kambini bila hodi ya mapema: Tanga, Morogoro, Manzese, Mwanza, siku ya Jumanne isiyo na tukio lolote. Majina yatolewe kwa kura, na sehemu yatolewe kwa taarifa, kwa mfano bondia aliyepanda uzani mbili kwa miezi minne, au aliyerudi kutoka nje na mwili mpya. Kwa namna hiyo bondia wako wa raundi nne anaweza asipimwe mwaka mzima, lakini kila asubuhi anaamka akijua leo inaweza kuwa zamu yake, na mpinzani wake anaamka na wazo hilohilo. Ninaposema vipimo vya haki kwa wote namaanisha hivyo, na hilo linanunulika.

Kwenye malipo ya mabondia wenyewe ningekuwa mwangalifu. Kijana anayepigana kwa shilingi laki tatu, akalipa nauli, chakula cha wiki na mtu wa kumfunga mikono, usimkate hata senti. Weka kiwango, anayepata juu yake akatwe asilimia 1. Wanaotangaza mapambano na wanaochezesha kamari juu yake wachangie zaidi. Kampuni za kubashiri zinapata faida kutokana na imani ya mteja kwamba pambano ni halali, na huku kwetu sehemu ya kodi ya michezo ya kubashiri tayari imekuwa ikielekezwa kwenye mfuko wa serikali wa maendeleo ya michezo. Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, TPBRC, kupitia Baraza la Michezo la Taifa, ina hoja nzuri ya kuombea fungu la vipimo humo, hasa ikienda na kapu lake lenye kitu badala ya kwenda mikono mitupu.

Kapu lenyewe lilindwe. Akaunti yake isichanganywe na ya kamisheni. Promota alipe kabla ya kupewa kibali cha pambano, asije akaahidi kulipa "baada ya mahesabu". Asijue nani atapimwa. Majibu yatoke maabara yaende kwa bondia na kwa msimamizi saa ileile, na sheria iandikwe kabla kwamba sampuli yenye dawa inamwondoa bondia ulingoni bila kikao. Najua promota atauliza, na tiketi zangu? Ni swali la haki. Dawa yake ni bondia wa akiba aliyekwisha kupimwa afya na kuandikishwa, analipwa kitu hata asipopanda. Deni la namna hiyo linabebeka. Mwaka 2019 Jarrell Miller alikutwa na dawa tatu kabla ya kukutana na Anthony Joshua huko New York. Aliyeitwa badala yake alikuwa Andy Ruiz, akamshinda Joshua, na dunia ikapata mojawapo ya usiku wa ajabu zaidi wa uzani wa juu.

Kuna ugumu wa maabara. Hatuna iliyoidhinishwa na WADA hapa Tanzania. Sampuli za ukanda wetu husafirishwa, kwa mfano Bloemfontein kule Afrika Kusini au Doha. Nairobi ina maabara ya damu iliyofunguliwa 2018 kwa ajili ya pasipoti ya kibiolojia ya wanariadha, yaani kumbukumbu ya damu yao inayofuatiliwa kwa muda mrefu, kwa sababu damu ya namna ile haivumilii safari ndefu. Ngumi zikisafirisha sampuli mbili mbili peke yake, nauli itameza pesa. Zikipanga siku moja na watu wa riadha na mpira wa miguu, sanduku moja la baridi linabeba za wote. Hata wachukua sampuli si lazima waanze upya. Waliopata mafunzo kwenye riadha wanaweza kufanya kazi hii, kwa kuwa chupa ya A inayopimwa kwanza na chupa ya B ya kuhakiki ni zilezile na bondia huchagua mwenyewe vifaa vilivyofungwa, kama mkimbiaji.

Sehemu ambayo mipango mingi huisahau ni kinachofuata baada ya jibu baya. Hapo ndipo maskini anaumizwa mara ya pili. Mwaka 2018 Canelo Álvarez alikutwa na klenbuteroli, akasema ni nyama ya Mexico, ambako kweli wafugaji wamewahi kuwalisha ng'ombe dawa hiyo. Akafungiwa miezi sita na kurudi kwenye mapambano makubwa Septemba mwaka huohuo. Conor Benn wa Uingereza alikutwa na klomifeni, dawa inayoweza kupandisha testosteroni, mwaka 2022, pambano lake na Chris Eubank Jr. likavunjika wiki ileile, na alipigana kisheria miaka miwili mpaka kizuizi chake kilipoondolewa Novemba 2024. Sisemi kati yao nani alikuwa mkweli. Nasema walikuwa na mawakili, wataalamu na muda. Kijana wa Makorora akipata jibu hilohilo kwa sababu ya unga wa protini uliochanganywa vibaya, nani atamlipia kufunguliwa kwa chupa ya B? Nani atamlipia wakili? Mfuko wa vipimo usiotenga fungu la utetezi utakuwa mtego wa kuwanasa wanyonge peke yao. Mimi ningetenga moja ya kumi kwa ajili hiyo na ningeilinda kwa wivu.

Kisa cha Benn kina funzo jingine. Wakati mambo yake yakiwa hayajaisha Uingereza, Septemba 2023 alipigana Orlando kwa leseni ya Florida. Sisi tuna mipaka mingi na mabasi mengi. Bondia atakayefungiwa Nairobi asionekane Arusha mwezi unaofuata. Kamisheni za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zikubaliane kutambuana adhabu. Hili halihitaji pesa, linahitaji barua na utashi, na ningependa lianze hata kabla ya kapu halijajaa.

Pia kumbuka vijana wetu wanaoitwa Ulaya kwa taarifa ya wiki mbili. Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham Septemba 2018 wengi wakidhani anakwenda kumalizwa na Sam Eggington. Akamsimamisha raundi ya pili, na Tanga yenu ikalala usiku ule kwa nderemo. Kwa kila Mwakinyo mmoja wapo wengi waliokwenda wakapigwa na mtu aliyekuwa kambini miezi mitatu, wasijue alipimwa au hakupimwa. Wakala anayempeleka kijana nje anaweza kudai kwenye mkataba kwamba mpinzani awe ndani ya mpango wa vipimo unaojulikana, na kijana wetu apimwe vilevile kwa gharama ya wanaomwita. Wanaolipa tiketi ya ndege na hoteli wanaweza kulipa na hilo.

Nilisema nitarudi kwenye dawa za kukojoza, maana kwa mabondia wetu hizi zinanitisha kuliko EPO. Usiku mmoja, siku ya kupima uzito, niliitwa chooni kumwona bondia wa miaka ishirini na kitu amekunjamana, misuli imemkaza mapaja yote, mapigo ya moyo hayaeleweki. Alimeza vidonge vitatu vya furosemaidi, vile vya Lasix, alivyouziwa duka la dawa bila cheti, ili ashuke kilo mbili. Nilimzuia asipigane. Kocha wake alinikasirikia mbele za watu, nami sikumlaumu, kwani hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba kidonge kile kimo kwenye orodha ya marufuku, na kwamba ubongo uliokauka maji hauvumilii ngumi. Tramadoli nayo, ambayo mabondia wengi huimeza kwa maumivu ya mikono, imekatazwa siku za mashindano tangu Januari 2024. Kwa hiyo sehemu ya kapu iende kwenye mafunzo ya makocha na wauza dawa, tena mwaka wa kwanza iende sehemu kubwa. Ukianza kwa kukamata kabla ya kufundisha utawafungia watu wasiojua kosa lao, na wajanja watakuwa wamejifunza kutokana nao.

Wewe binafsi, Kocha, usisubiri mfuko. Kwa mabondia wako tisa, nunua daftari moja. Kila kidonge, sindano, dawa ya mitishamba au unga wa kujenga mwili unaoingia kinywani mwa bondia uandikwe tarehe, jina na duka lilikonunuliwa. Bondia mwenye pumu au ugonjwa mwingine unaohitaji dawa iliyokatazwa aombe kibali cha matibabu mapema, akiwa na karatasi za hospitali. Na kwenye mkataba wa pambano lijalo, andika kifungu hiki kabla hujasaini: "Pande zote mbili zinakubali kupimwa dawa zilizopigwa marufuku wakati wowote kuanzia siku ya kusaini, gharama itatokana na mapato ya tamasha kabla ya mgawo wowote, mpimaji atachaguliwa na kamisheni, na bondia atakayekataa kupimwa atahesabika amejitoa." Promota wa kwanza huenda akakukatalia. Wapelekee makocha wenzako wa Tanga na Morogoro kifungu hichohicho, wakiandike kwa maneno yaleyale kwenye mikataba yao, kisha nakala moja mwipeleke kamisheni mkiwa mmesaini wote.